Sanduku la Bati la Gatakaa

Gatimbi, Meru
12 Januari 2025

Kagwiria,

Wewe huna haya. Nimeanza na hilo ili usije ukasema hukuliona huko chini. Jirani yangu Tabby alikuwa Embu kumwona binti yake, akarudi, akakaa kwa jiko langu, akamaliza chai yote ndiyo akafungua mdomo: kwamba ulisimama ndani ya ukumbi wa kanisa na kipaza sauti mkononi, ukaambia watu umelelewa makao ya watoto kule Gachoka, na siku ya kupelekwa hakuna mtu alikuuliza. Watu wakapiga makofi. Tabby anasema hata yeye alipiga, kabla hajakumbuka ni mimi unasema.

"Lakini hakukutaja jina," akaniambia, kama mtu anayenipa zawadi.

Hukunitaja. Kwani una nyanya wangapi?

Sasa nakusalimu. Mimi niko, mguu wa kulia ndio hauko. Ng'ombe alizaa ndama dume, hasara tupu. Migomba ya upande wa mto iliangushwa na upepo wa Desemba. Mzee Mithika tulimzika, na watoto wake wakagombana shamba hata udongo haujakauka. Gatakaa ameingia gredi ya tatu, anasoma mpaka maandishi ya gunia la mbolea, na akishasoma anataka kuelezwa.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kimeru chako kilibaki kwa geti ya hao watu wa Gachoka, na Kimbeere chako mimi sikitaki. Kiswahili changu ni cha kuuza ndizi Meru mjini na yale madarasa manne niliyopewa, kitatosha. Simu pia sitaki. Kwa simu tukifika mahali pagumu unasema, "Cucu, sikusikii." Barua utasikia. Abdishakur wa duka la jumla ana gari linashuka Embu kila wiki, amekubali kupeleka na kurudisha.

Jambo lenyewe ni hili. Tabby anasema unasomea kazi ya kutetea watoto walio kwa makao. Basi umefika mahali pa kusaidia watu wako. Nataka umtafutie Gatakaa nafasi pale pale Gachoka ulipokuwa. Mguu huu hauwezi tena kufuata mtoto. Wewe walikulisha, wakakusomesha, leo unashika kipaza sauti. Na huyu ni mtoto wa Karwirwa, dada yako wa tumbo moja, si mtoto wa jirani.

Nijibu haraka.

Nyanya yako,
Karwirwa


Majimbo, Embu
4 Februari 2025

Cucu,

Nakusalimu sana, na pole kwa mguu. Ulienda hospitali, au bado unaupaka yale mafuta ya Tabby? Mimi nina afya. Dirisha la chumba changu sasa linafunguka, mwenye nyumba alileta fundi baada ya kumsumbua tangu mwaka juzi. Mchana niko duka la dawa, jioni tatu kwa wiki niko kwa mafunzo. Nimefurahi kusikia Gatakaa anasoma. Mpe salamu zangu, ingawa sijui kama ananikumbuka.

Sikukutaja pale kanisani kwa sababu sikuwa nakusema wewe. Nilikuwa najisema mimi.

Kazi ninayosomea inaitwa mtetezi huru wa watoto. Huru maana yake haajiriwi na makao, haajiriwi na ofisi ya watoto, wala hatumwi na familia. Mtoto akiwa kule ndani, watu wengi hukaa mezani kuamua maisha yake: meneja, afisa, mwalimu, mjomba. Mtetezi anakaa upande wa mtoto. Hasemi kile anachoona yeye ni kizuri. Anasema mtoto amesema nini, kwa maneno ya mtoto, hata yakiudhi meza nzima. Mwalimu wetu, Bwana Kathuri, ametukataza kumwambia mtoto "usijali, mambo yatakuwa sawa." Anasema: wewe umejuaje?

Wiki jana tulipelekwa kwenye makao fulani, kila mmoja akae na mtoto mmoja bila kumuuliza chochote mpaka mtoto mwenyewe aanze. Mwenzangu Sabirin, msichana wa Meru mjini ambaye baba yake ana malori, mtoto aliyepewa alimpigia hadithi ndefu ya paka. Wangu hakusema kitu. Alikaa akifungua na kufunga kamba za viatu vyangu. Tuliporudi Kathuri akaniuliza nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza kwamba kamba zangu zimechakaa. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka.

Kwa hivyo siwezi kumtafutia Gatakaa nafasi. Mtetezi haingizi watoto makao. Tena sheria yetu inakataza mtu kushughulikia jambo la jamaa yake.

Lakini Cucu, Gatakaa ana mama. Karwirwa yuko wapi? Hukumtaja hata kwa salamu. Na kuna mtu amemuuliza Gatakaa mwenyewe?

Mjukuu wako,
Kagwiria


Gatimbi, Meru
23 Februari 2025

Kagwiria,

Barua imefika, nimeisoma na miwani ya Tabby. Salamu nimezipokea. Mguu una adabu kuliko wewe. Ndama tumemuuza. Mvua bado, lakini mawingu yameanza kujikusanya upande wa mlima. Winrose wa dukani ameolewa na mchungaji, na sasa hasalimii watu.

Hiyo kazi yako nimeielewa. Ni kubeba maneno ya watoto kama sisi tunavyobeba maji. Na mtu anasomea. Zamani mtoto akitaka kusema alisema, akachapwa, yakaisha.

Unaniuliza kama nimemuuliza Gatakaa. Mtoto anaulizwa kama ameshiba. Anaulizwa kikombe kimevunjwa na nani. Haulizwi alale kwa nani. Muulize mtoto wa miaka tisa anataka nini atakwambia soda na baiskeli, na hiyo baiskeli atake ikiwa nyekundu.

Na wewe hata ningekuuliza ungejua nini? Baba yako alikufa kwa ile ajali, mama yako akarudi kwao hata matanga hayajaisha, mkaachwa wawili kwa mlango wangu kama vifaranga. Mimi mjane, kahawa hailipi, na midomo ilikuwa ikiongezeka kuliko chungu. Mmoja nikamweka, mmoja nikampeleka mahali pa chakula. Karwirwa alikuwa na jina langu. Kwetu yule aliyepewa jina lako ni ntagu wako, ni wewe umerudi ukiwa mdogo, na mtu hajichukui mwenyewe akajipeleka kwa wageni. Wewe ulipewa jina la mama ya mama yako. Hao watu wa upande huo walikuwa wapi? Mtu yeyote wa hapa angechagua nilivyochagua, na asisemwe kwa kipaza sauti.

Gatakaa naye si jina langu. Ni jina la mama ya baba yake, mtu ambaye hata sijawahi kumwona meno.

Kama hutaki kusaidia, kaa hivyo hivyo. Nimepiga simu mwenyewe kwa simu ya Tabby. Meneja wa Gachoka ananikumbuka. Amesema nafasi itakuwa mwezi wa nane, kabla ya muhula wa tatu. Nimenunua sanduku la bati, la buluu, lenye kufuli. Yameisha.

Karwirwa


Majimbo, Embu
19 Machi 2025

Cucu,

Salamu. Mvua imefika hapa, nadhani huko ilitangulia na mmeshapanda. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua hii niliianza nikaichana.

Asante kwa kunieleza habari ya jina. Nilijua. Nilikuwa na miaka saba na nilijua. Lakini kujua peke yako ni kitu kimoja na kuambiwa ni kingine. Sasa nimeambiwa.

Na mimi nikwambie ninachokumbuka. Ulisema tunaenda kutembea. Ulinivalisha viatu vya Krismasi, vile vyeusi vya kifungo, ambavyo vilikuwa vya Karwirwa. Tulipofika pale ofisini uliinama ukanivua, ukasema vimeshika vumbi, unaenda kuviosha. Ukatoka navyo mkononi. Niliwaambia watoto wengine kwamba nyanya yangu yuko nje, ameenda kuosha viatu. Niliwaambia hivyo kwa muda mrefu, Cucu. Sikuwa nakungoja wewe. Nilikuwa nangoja viatu, kwa maana niliona mtu akienda kuosha viatu vya mtoto lazima atavirudisha.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ilikuwa ya wageni. Wenye wageni walikaa upande wa kivuli. Sisi wengine tulipewa mifagio ili tusionekane tumekaa bure. Hakuna mtu anayenishinda kufagia.

Juzi Kathuri alitufanyisha igizo. Mmoja awe mtoto, wengine wawe wakubwa wanaoamua. Mimi nikachaguliwa kuwa mtoto. Walizungumza, wakazungumza, halafu wakanigeukia: "Na wewe unataka nini?" Sikutoa neno. Sabirin ndiye alikuwa mtetezi wangu. Akasema, "Mtoto huyu hajajibu. Naomba iandikwe hajajibu. Isiandikwe amekubali." Hapo nikalia mbele ya darasa zima. Wewe ungenichapa.

Naomba jambo moja. Usimwambie Gatakaa anaenda kutembea.

Na bado nauliza: Karwirwa yuko wapi?

Kagwiria


Majimbo, Embu
10 Juni 2025

Cucu,

Tangu Machi hujajibu. Abdishakur anasema barua alikupa mkononi, ukaitia kwa kikapu chini ya sukuma wiki. Salamu hata hivyo. Najua u mzima, kwa sababu ungekuwa umekufa Tabby angenipigia.

Hilo la kwanza. La pili, Tabby amenipigia. Anasema sanduku limeshajaa, lina blanketi mbili na sare mpya, na Gatakaa anawaambia wenzake shuleni kwamba Agosti anakuja Embu kumtembelea mama mdogo Kagwiria. Umetumia jina langu, Cucu. Hata mimi hukuniuliza.

Nimefanya jambo utakalolichukia. Nilimweleza Kathuri. Mtoto haingizwi makao kwa kupigiana simu na meneja. Lazima afisa wa watoto ajue, na aridhike kwamba hakuna njia nyingine. Afisa amearifiwa. Ameuliza kama kuna mtetezi, ili mtoto asikizwe kabla ya kitu chochote kuamuliwa.

Si mimi. Sheria nilikueleza. Na hata bila hiyo sheria si mimi, kwa sababu wenzangu walihitimu mwezi uliopita na mimi nimeambiwa nirudie sehemu ya mwisho. Kathuri anasema nikimsikiliza mtoto bado najisikiliza mwenyewe. Ni kweli.

Atakuja Sabirin. Mpokee vizuri. Amekosa nini yeye?

Kagwiria


Gatimbi, Meru
6 Julai 2025

Kagwiria,

Umenishtaki. Nyanya yako mwenyewe, kwa serikali. Chifu alinisalimia Jumapili kwa sauti ya kunihurumia, mimi niliyemfunga nepi.

Mahindi yameshika. Ng'ombe amepunguza maziwa, nadhani hata yeye amesikia. Hizo ndizo habari.

Huyo Sabirin wako amekuja. Nilikuwa nimevaa kitambaa cha kanisa nikingoja mtu mzima wa ofisi, anashuka kwa bodaboda msichana wa hijabu, kiatu cha raba. Akaniamkua kwa Kimeru. Si Kimeru cha kuokota, Kimeru chenyewe, cha kuzaliwa nacho pale mjini. Hiyo iliniuma kuliko mashtaka. Mtoto wa watu wa malori anaongea lugha yangu ndani ya nyumba yangu, na damu yangu naiandikia Kiswahili.

Nikamwambia, "Kaa kwa kiti."

"Asante, Cucu. Gatakaa yeye hukaa wapi?"

"Kwa kigoda, hapo kwa moto."

"Basi mimi nitakaa chini."

"Hapo chini kuku wanalala."

"Nimeona, Cucu," akasema, na alikuwa ameshakaa.

Chai alikunywa, hakubakisha, hiyo nampa. Halafu akaniomba kwa heshima yote niwapishe kidogo.

"Niwapishe niende wapi? Hii nyumba ni yangu."

"Ndiyo, Cucu. Ndiyo maana naomba."

Angeniamuru ningemfukuza. Nikachukua fimbo yangu nikaenda kukaa kwa migomba. Nilikaa huko na huu mguu mpaka kivuli kikanihama na jua likanipata. Nilisikia Gatakaa akicheka, wanasema habari ya kuku. Halafu sauti zikashuka, sikushika neno.

Walipotoka, Sabirin akasema, "Gatakaa amenipa ruhusa nikwambie mambo mawili. Mengine amekataa."

"Amekataa nisijue mimi?"

"Ndiyo, Cucu."

"Mimi ninayemfulia?"

"Ndiyo. Wewe."

Nikamwambia aseme basi hayo mawili, aone kama nitaanguka.

La kwanza, anajua haendi kutembea. Alimwambia Sabirin kwamba mtu wa kutembea habebi blanketi mbili na kufuli. Amejua tangu siku lile sanduku lilipoingia nyumbani, na wale wenzake shuleni anawadanganya akijua anadanganya.

La pili, anataka mama yake aje. Sabirin aliyasema kama alivyoambiwa, hakupunguza wala hakutia sukari: "Nataka mama aje aniambie na mdomo wake kwamba hanitaki. Nikishasikia nitasema nataka kukaa wapi. Kabla hajaniambia sisemi."

Nikamgeukia mtoto. "Gatakaa. Hayo umesema wewe, au umewekewa mdomoni?"

Akamwangalia Sabirin. Nikangoja Sabirin amsaidie. Hakumsaidia, aliangalia viatu vyake tu. Mwisho mtoto akasema, "Ni mimi, Cucu." Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Umeniuliza na kuniuliza Karwirwa yuko wapi. Yuko Maua. Ameolewa na mwanamume wa miraa, na huyo mwanamume alisema hatalea mtoto wa mwingine, naye akajibu sawa. Alimleta Gatakaa hapa asubuhi na mapema, akasema anafika sokoni mara moja. Hiyo soko haijaisha mpaka leo. Huyo ndiye ntagu wangu. Huyo ndiye nilimweka. Usiniandikie neno lolote juu ya hilo, hata moja.

Viatu navyo vilikuwa vya mwenyewe. Ulitaka niache viatu vya mtu Gachoka, Karwirwa aende kanisa na nini?

Na usiseme tena mbele ya watu kwamba sikuja kukuona Gachoka. Hukusema hivyo? Basi usije ukasema. Nilikuja, na si mara moja. Nilikuja Alhamisi, maana Jumapili funguo za kanisa nilikuwa nazo mimi, na nani angefungua? Mlinzi ananiambia wageni ni Jumapili ya kwanza. Namwambia mimi si mgeni, mimi ni nyanya. Anasema hata nyanya ni mgeni. Nikawa namwachia viazi vikuu vya kuchoma, vimefungwa kwa jani la mgomba, akupe. Kosa ni la hao watu na Jumapili zao.

Karwirwa


Majimbo, Embu
17 Julai 2025

Cucu,

Salamu, na salamu kwa Gatakaa. Nasikia baridi ya Julai imewakamata. Mwambie avae soksi akilala. Mimi nimerudia ile sehemu ya mwisho. Kathuri bado hajasema kitu.

Mlinzi alikuwa anaitwa Ndambiri. Siku zingine, si za wageni, alikuwa akituita tukifagia karibu na geti, anafungua jani la mgomba, anatugawia viazi vikuu vya kuchoma. Vipande vidogo, mtu anamaliza akiwa bado anauliza ni nini. Gachoka hakuna viazi vikuu, kule ni jua na pojo. Nilimuuliza anavitoa wapi. Akasema, "Kuna mwanamke mkaidi wa Meru ananiletea." Sisi tulidhani ni mchumba wake. Tulikuwa tukimwimbia.

Kwa hivyo nilikula, Cucu. Nilikuwa nakula kwetu na sikujua.

Hilo halifuti viatu. Nimeliweka kando ya viatu, na vyote viko hapo.

Juu ya Karwirwa sitaandika neno, kama ulivyosema. Naandika tu juu ya Gatakaa. Afisa amesema mtoto asiondolewe hapo mpaka atakapomaliza kusema, na hawezi kumaliza kwa sababu anangoja mama. Afisa amempigia Karwirwa, hapokei. Nami nimepiga, nikasikia akipumua, akakata. Sabirin hawezi kwenda kumleta, kazi yake ni kwa mtoto, si kukimbizana na wakubwa. Wewe una mguu. Mimi nimekatazwa. Sijui nani atamleta.

Kagwiria


Gatimbi, Meru
27 Julai 2025

Kagwiria,

Hukuuliza kama nimeshiba. Nimeshiba. Baridi ipo, Gatakaa analala na soksi zangu. Blanketi zile mbili tumezifungua. Sanduku nimelitia maharagwe ya mbegu. Usijivune, si kwa ajili yako, panya wamezidi.

Mkaidi. Mimi nilikuwa nabeba kikapu kizima, cha kushibisha watoto wa hayo makao wote, na wewe unaniambia vipande vidogo. Huyo Ndambiri alikuwa anakula. Kama bado yuko hai mtafute umwambie nimejua.

Gatakaa ameacha kuniambia mambo. Anafagia, anaosha vikombe, anauliza kama kuna kazi nyingine. Namwambia, "Enda ukacheze." Anaenda anasimama nje. Mtoto anayesimama nje namna hiyo nilishamwona, na sitaki kuulizwa wapi.

Unaandika hujui nani atamleta Karwirwa. Miaka yote ya shule na hujui. Ni wewe. Umekatazwa kumsemea mtoto wa dada yako, hukukatazwa kugombana na dada yako. Muulize huyo Kathuri, na akikataa mwambie aje tuongee mimi na yeye.

Jumamosi panda uende Maua. Uliza hoteli ya Kullow, yule wa nyama ya mbuzi, anawajua, watakuonyesha mlango. Usianze na salamu. Mwambie Karwirwa simwiti kama nyanya yake, maana kama nyanya ameshanizoea. Namwita kwa jina tulilogawana. Aje nalo hapa, au alirudishe. Mwanamume wake akikutolea sauti, mwambie mguu wangu mmoja ni mbovu na mwingine ni mzima.

Mlete mpaka ndani. Yeye akae kwa kiti, Gatakaa kwa kigoda, huyo Sabirin hapo chini kwa kuku kama alivyopenda. Mimi nitaenda kwa migomba na wewe utakaa huko na mimi, na hatutaingia mpaka mtoto atuite. Asipotuita, tutakaa.

Na njiani usimdanganye Karwirwa kwamba anakuja kutembea. Mwambie ni nini anakuja kusema, na kwamba atakisema akimwangalia mtoto usoni.

Karwirwa mkubwa